Staftahi ya Hotelini kwa Asiyekula Ngano

SOMO LA LISHE: kwa mgonjwa, familia yake na muuzaji wa chakula

Kwa wananchi wengi swali la asubuhi ni jepesi: mahamri kwa mbaazi, au chapati kwa chai? Chakula ni cha moto, bei ni nafuu, na mtu akishashiba huelekea kazini. Lakini wako wenzetu ambao mwili wao hauipokei ngano hata kidogo. Kwao, kosa la jikoni ambalo wengine hawalioni laweza kuwarudisha kwenye maumivu ya tumbo, kuharisha na upungufu wa damu.

Mtu kama huyu akiwa nyumbani hupika chakula chake mwenyewe. Shida huja anapotoka alfajiri kwenda kazini, anaposafiri, au mtoto anapokula shuleni. Somo hili linaeleza ugonjwa wenyewe, vyakula vya staftahi vilivyo salama na visivyo salama, namna ya kumuuliza muuzaji, na jinsi mwenye hoteli anavyoweza kumhudumia mteja huyu bila gharama kubwa.

1. GLUTENI NI NINI?

Gluteni ni protini iliyomo ndani ya ngano. Ndiyo inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika, na ndiyo inayofanya mkate uumuke na kuwa laini. Protini za aina hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka iitwayo rai. Mahindi, mchele, wimbi, mtama, uwele, muhogo, viazi, maharagwe na mbaazi havina gluteni hii.

Mtu mwenye ugonjwa wa seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vinyweleo hivyo huvimba, kisha hulala na kuwa bapa. Hapo mtu anaweza kula vizuri kila siku na bado akakosa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini, kwa sababu chakula kinapita bila kufyonzwa.

Dalili hutofautiana. Wengine huharisha, hujaa gesi na kukonda. Wengine hawana shida ya tumbo, ila damu yao haipandi ijapokuwa wanameza vidonge vya madini ya chuma, au mifupa yao inakuwa dhaifu, au wanatokwa na vipele vyenye mwasho mkali. Mtoto anaweza kudumaa, na tumbo likavimba huku mikono na miguu ikiwa myembamba.

Aliyefungua njia ya kuuelewa ugonjwa huu kwa upande wa chakula ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alishuku kwamba ngano ndiyo chanzo. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, nchi yake ilipokumbwa na njaa ya vita na mkate ukaadimika, ilionekana kwamba watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika matokeo ya uchunguzi wake. Hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Husemwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Si kweli. Duniani inakadiriwa kwamba mtu 1 hivi katika kila 100 anao, wengi wao bila kujua. Upo Afrika ya Kaskazini, upo Mashariki ya Kati na upo India kaskazini, ambako ngano ni chakula cha kila siku. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Sahara Magharibi na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Aidha, ugonjwa huu hufuata damu: mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mwingine.

2. KWA NINI CHEMBE NDOGO NI JAMBO KUBWA?

Slesi moja ya mkate wa ngano ina gluteni ipatayo gramu 2, yaani miligramu 2,000. Wataalamu wanaona kwamba wagonjwa wengi wa seliaki hawapati madhara ikiwa gluteni inayoingia mwilini kwa siku haizidi miligramu 10. Fanya hesabu: 2,000 gawanya kwa 10 ni 200. Ukiikata slesi hiyo vipande 200 vilivyo sawa, kipande kimoja tu ndicho kiwango hicho cha siku nzima. Unga uliobaki kwenye mwiko, au makombo yaliyoshikamana na kisu cha siagi, yanaweza kuzidi hapo.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za chakula, zinazosimamiwa na FAO na Shirika la Afya Duniani, zinataka chakula kiitwacho “kisicho na gluteni” kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, moto hauui gluteni. Bakteria hufa chakula kikichemka, lakini gluteni si kiumbe hai. Mafuta yaliyokaangiwa mahamri hubaki na gluteni hata yakichemka sana. Pili, kutosikia maumivu si dalili ya usalama. Wapo wagonjwa wanaokula ngano wasisikie chochote, na utumbo unaendelea kuharibika kimya kimya. Kwa hiyo maneno “nilikula chapati juzi na sikudhurika” yasikuongoze.

3. USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA

Huenda ukisoma dalili hizi ukaamua kuacha ngano leo. Subiri kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiacha ngano kwa muda kabla ya kupimwa, kingamwili hizo hupungua, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ilhali unao. Hali kadhalika, daktari akipitisha kamera na kuchukua kipande kidogo cha utumbo ili kichunguzwe, huenda akakuta utumbo umeanza kupona.

Utaratibu mzuri ni huu: endelea kula kama kawaida, nenda kituo cha afya, eleza dalili zako na kama kuna ndugu mwenye tatizo hili, uelekezwe panapopatikana kipimo. Ukishathibitishwa, muone afisa wa lishe. Kumbuka pia kwamba tumbo kuuma na damu kupungua husababishwa na mengi, yakiwemo minyoo, vidonda vya tumbo na malaria. Kujitibu kwa kubahatisha kunachelewesha tiba ya kweli.

4. MEZA YA STAFTAHI: KIPI KULA, KIPI KUULIZIA, KIPI KUACHA?

Acha kabisa. Mahamri, mandazi, chapati, mkate wa slesi, mkate wa maji, kaimati, sambusa, keki, biskuti, tambi, rawa na bokoboko. Vyote hivi ni ngano. Unga wa atta ni ngano pia, hata ukiitwa unga wa kahawia. Acha vilevile vinywaji vyenye kimea, kwa kuwa kimea cha viwandani kwa kawaida hutokana na shayiri, pamoja na nafaka za asubuhi za paketi zilizotengenezwa kwa ngano au zilizotiwa kimea.

Uliza kwanza. Hapa ndipo watu wengi hunaswa, kwa sababu chakula kinaonekana hakina ngano.

Viazi karai: kiazi chenyewe ni salama, lakini kile kivazi cha manjano mara nyingi ni unga wa ngano.

Bhajia: unga wa dengu hauna gluteni, ila wako wanaouchanganya na unga wa ngano, na karai laweza kuwa lile lile la mahamri.

Vitumbua na mkate wa kumimina: asili yake ni mchele. Wapo wanaoongeza ngano ili vishikane.

Mkate wa mofa: ukiwa wa mtama mtupu hauna tatizo. Siku hizi wengine huutengeneza kwa ngano.

Mbaazi za nazi na maharagwe: ni salama vikipikwa bila unga wa kufanya mchuzi uwe mzito na bila vidonge vya mchuzi ambavyo hujasoma pakiti yake.

Soseji, smoki, kababu na katlesi: nyingi hutiwa ngano au makombo ya mkate ndani au juu.

Mayai ya kukaanga: yai ni salama, lakini chuma cha kukaangia huenda ni kile cha chapati.

Uji: wa wimbi, mtama au mahindi ni salama ukiwa mtupu. Unga wa uji wa mchanganyiko huweza kuwa na ngano, na kinu cha kusagia huweza kuwa kilisaga ngano muda mfupi uliopita.

Oti: zenyewe si ngano, lakini kwa kawaida huchanganyika na ngano shambani na kiwandani. Zile zisizoandikwa kwamba hazina gluteni ziache, na hata hizo zilizoandikwa zungumza kwanza na afisa wa lishe.

Salama ikiwa vyombo ni safi. Yai la kuchemsha ambalo bado limo ndani ya ganda lake. Muhogo, viazi vitamu, nduma au ndizi za kuchemsha katika sufuria yake. Wali mweupe. Githeri isiyotiwa unga. Maziwa, chai ya maziwa, chai ya rangi na kahawa isiyochanganywa na kitu. Dafu. Ndizi mbivu, chungwa, embe, papai unalomenya mwenyewe. Karanga za kuchemsha.

Utaona kwamba chakula cha asili cha Pwani kinamtosha mgonjwa huyu bila kununua bidhaa za bei ghali kutoka nje. Muhogo wa nazi pamoja na yai la kuchemsha na chai ni staftahi kamili.

5. NJIA ZINAZOINGIZA NGANO KWENYE CHAKULA SALAMA

Chakula kinaweza kupikwa vizuri kisha kikaharibika dakika ya mwisho. Angalia njia hizi tano:

Mafuta. Karai moja la kukaangia kila kitu.

Chuma cha chapati. Yai likimiminwa juu yake, unga ulioungua hushikamana nalo.

Mikono na vibano. Muuzaji akishika chapati, kisha akashika muhogo wako.

Upawa, mwiko, kisu na kibao. Vyombo vya mbao hushika unga katika nyufa zake hata baada ya kuoshwa.

Unga hewani. Pale chapati zinaposukumwa, unga huruka na kutua kwenye sahani na vikombe vilivyo wazi. Ukiweza, keti mbali na meza ya kukandia.

Tofautisha usafi na usalama wa aina hii. Hoteli inaweza kuwa safi sana, imekaguliwa na ina leseni yake ukutani, na bado chakula chake kikawa na ngano. Mkaguzi wa afya anatafuta uchafu na vijidudu, na kwa watu wengine unga wa ngano si uchafu. Pia, dawa ya kupaka mikononi huua vijidudu tu, haiondoi gluteni. Kinachoiondoa ni maji na sabuni, kwa kusugua na kusuuza.

6. NAMNA YA KUMUULIZA MUUZAJI

Neno “gluteni” halifahamiki na wengi. Tumia neno “ngano”, na utaje kwamba ni ugonjwa. Pia usiulize tu kama chakula kina “unga”, kwani kwa wengi unga ni ule wa sima. Uliza ni unga gani. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

Mteja: Shikamoo mama.

Muuzaji: Marahaba mwanangu, karibu. Nikupe nini?

Mteja: Ahsante. Mama, mimi nina maradhi ya utumbo, daktari amenikataza ngano hata chembe. Mbaazi hizi umezipika kwa vitu gani?

Muuzaji: Tui la nazi, kitunguu, bizari na chumvi.

Mteja: Hukutia unga wowote wa kuzifanya nzito?

Muuzaji: La, tui latosha.

Mteja: Na upawa huu, umegusa mahamri?

Muuzaji: Ah, mara nyingine nauweka pale kwenye sinia la mahamri.

Mteja: Basi niwie radhi mama, nakuomba unawe mikono, uniteklee mbaazi kwa upawa uliooshwa, kwenye sahani safi. Nitakula na ule muhogo wa kuchemsha.

Muuzaji: Hilo si zito. Keti nikuletee.

Tazama mteja alivyofanya. Alianza kwa heshima. Alieleza kwamba ni maradhi, ili asidhaniwe anachagua chakula. Aliuliza “umepika kwa vitu gani”, swali linalomfanya muuzaji ataje kila kitu. Angeuliza “hakuna ngano, sivyo?” angejibiwa “hakuna” kwa haraka ili foleni isonge. Kisha aliuliza kuhusu chombo, na hapo ndipo ukweli wa upawa ulipojitokeza.

Muuzaji akisema “sijui”, huyo amekutendea wema. Shukuru, kunywa chai, ule ndizi mbivu, uendelee na safari. Anayejibu “usijali, kidogo hakidhuru” bado hajaelewa. Kwake usile chakula kilichopikwa.

Nenda mapema kabla ya msongamano, au baada yake. Ukipata muuzaji anayekuelewa, mfanye wako wa kudumu. Na kila siku beba kitu kidogo mkobani: mayai mawili ya kuchemsha, viazi vitamu au karanga. Aliyebeba chakula chake halazimiki kula cha mashaka kwa sababu ya njaa.

7. MTOTO SHULENI NA MGENI NYUMBANI

Mtoto mdogo hawezi kujieleza kwa mpishi wa shule. Mzazi amuone mwalimu mkuu, apeleke barua ya daktari, na azungumze na mpishi ana kwa ana. Mtoto awe na kikombe na sahani yake yenye alama. Mfundishe sentensi moja aikariri: “Mimi siruhusiwi ngano, ni ugonjwa.” Mfundishe pia asibadilishane chakula na wenzake, na msimcheke nyumbani anapokataa andazi la jirani.

Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji huonekana ni dharau. Familia na imsaidie mgonjwa kwa kutoa taarifa mapema, kabla ya arusi, matanga au futari, ili asiachwe peke yake akijieleza mbele ya sahani iliyojaa. Kumsihi “onja tu, usimvunje moyo aliyepika” ni kumwalika augue.

8. UKIGUNDUA UMEKULA NGANO

Usijaribu kujitapisha. Kunywa maji ya kutosha, na ukiharisha tumia maji ya chumvi na sukari maalumu yanayotolewa kituo cha afya. Dalili huweza kuanza baada ya saa chache na kudumu siku kadhaa. Ukiharisha sana, ukiona damu, ukishindwa kunywa au ukizimia, nenda hospitali mara moja. Kisha kumbuka ulichokula na mahali ulipokila, ili ujue njia ipi ya ile mitano ilipitisha ngano.

Kosa moja lisikuvunje moyo ukasema “basi, nile tu”. Utumbo hupona pale gluteni inapoachwa mfululizo. Kwa watoto huchukua miezi, kwa watu wazima huweza kufika miaka miwili au zaidi. Kila siku ya kujizuia inahesabika.

Angalizo: akivimba midomo au akipumua kwa shida dakika chache baada ya kula ngano, huyo huenda ana mzio wa ngano, ambao ni ugonjwa tofauti na ni wa dharura. Mkimbizeni hospitali.

9. KWA WENYE HOTELI NA VIBANDA

Huhitaji jiko jipya. Tenga sufuria moja, upawa mmoja na kikaango kimoja kidogo, uvitie alama ya rangi, visitumike kwa ngano kamwe. Chemsha mayai na muhogo mbali na meza ya chapati, na uvifunike. Hifadhi pakiti za viungo unavyotumia ili mteja asome. Wafunze wasaidizi wako jibu hili: “Sina hakika, ngoja niulize.” Mteja aliyehudumiwa kwa uangalifu hurudi, na huja na jamaa zake.

10. JIPIME

Swali la 1. Bhajia za dengu tupu zimekaangwa katika mafuta ya mahamri. Je, ni salama?

Swali la 2. Mtu anashuku ana seliaki. Aache ngano mwezi mmoja kisha apimwe?

Swali la 3. Mpishi amepaka dawa ya kuua vijidudu mikononi baada ya kukanda chapati. Inatosha?

Swali la 4. Hotelini hakuna uhakika wa chakula chochote kilichopikwa. Utakula nini?

Majibu. (1) Hapana, gluteni iliyobaki kwenye mafuta haiharibiwi na moto. (2) Hapana, apimwe akiwa bado anakula ngano. (3) Haitoshi, anawe kwa maji na sabuni. (4) Yai la kuchemsha lenye ganda, tunda unalomenya mwenyewe baada ya kunawa, chai katika kikombe safi, au chakula ulichobeba.

Ukipata majibu yote manne, mfundishe na mwenzako. Na ikiwa wewe au mtoto wako ana damu isiyopanda, kuharisha kusikoisha au kudumaa kusikoeleweka, fika kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii na uulizie kipimo cha seliaki.